"Akae, ila mikono niione": kisa cha uzazi wa pili wa mama mmoja

Kisa hiki mama mwenyewe kaniruhusu nikiandike, sharti lake lilikuwa moja tu, jina lake lisionekane, wala la mtoto, wala la pale alipojifungulia mara ya kwanza. Mimi ni mkunga. Nilikuwa naye toka mimba ikiwa na wiki 14 mpaka wiki ya sita baada ya kujifungua, na naandika kwasababu usiku ule tulifanya mengi vizuri na tukafanya kosa moja ambalo sijalisahau, na nikiangalia vizuri naona hilo kosa ndo limenifundisha zaidi maana ya mama kujifungua kwa namna anayoitaka yeye.

Siku ya kwanza alipokaa kwenye kiti hakuniuliza chochote kuhusu mtoto. Aliuliza, "Sista, siku yenyewe ni wewe utakayekuwepo?"

Nikamjibu ukweli kwamba siwezi kuahidi, tupo wawili, mwenzangu na mimi tunapokezana, ila nitahakikisha anatujua wote kabla. Akanyamaza kidogo halafu akatoa kadi ya uzazi wa kwanza kwenye mkoba. Imeandikwa amejifungua kawaida, mama na mtoto wazima. Akaweka kidole pale kwenye neno kawaida akaniambia hapa walidanganya.

Alichonieleza ni hiki. Alipofika leba aliambiwa panda kitandani lala chali, na akabaki chali masaa yote. Aliyemsindikiza aliachwa nje. Njia alipimwa na watu wanne tofauti na hakuna hata mmoja aliyejitambulisha. Wakati wa kusukuma akaongezewa njia bila kuambiwa, hakujua kama amekatwa mpaka alipoanza kushonwa, "niliusikia uzi sista, unavutwa kama wa nguo". Mtoto alikuwa mzima kabisa, yeye hakutoka damu nyingi, kidonda kikapona, kwahiyo kwenye hesabu za hospitali ule ni uzazi uliofanikiwa. Lakini miaka mitatu baadae bado akisikia harufu ya dawa ya kudekia sakafu magoti yanajibana yenyewe, na mara mbili alipewa tarehe ya kupimwa saratani ya mlango wa kizazi hakwenda, alishindwa tu.

Naomba wasomaji mlishike hilo, maana watu wakisikia mama anataka kuchagua namna ya kujifungua wanadhani ni mambo ya mishumaa na muziki. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko kabisa kuhusu wanawake kudharauliwa na kunyanyaswa wakati wa kujifungua, na kufanyiwa vitu bila ridhaa kumetajwa humo. Huyu mama alikuwa anadai kuulizwa, basi.

Mwanzoni alitaka kujifungulia nyumbani. Sikumkatalia, tukakaa tukaangalia kinachojulikana. Kuna utafiti mkubwa wa Uingereza wa mwaka 2011, ulifuatilia akina mama zaidi ya 64,000 ambao mimba zao hazina hatari kubwa, wakalinganisha nyumbani, vituo vya wakunga na leba za madaktari. Kwa waliokwisha kuzaa kabla, matatizo makubwa ya mtoto hayakutofautiana kwa kuangalia sehemu mama aliyopanga kujifungulia, lakini kwa uzazi wa kwanza waliopanga nyumbani matatizo yalikuwa 9.3 kwa kila uzazi 1,000 na waliopanga leba za madaktari ni 5.3. Yeye ni uzazi wa pili, kwahiyo kwa hizo namba nyumbani isingekuwa wazimu. Ila nikamwambia na upande wa pili, kwamba wale walikuwa na mkunga aliyesomea, vifaa, gari la wagonjwa na hospitali inayowasubiri, na hata hivyo karibu 12 kati ya kila 100 wa uzazi wa pili na kuendelea waliopanga nyumbani walihamishiwa hospitali wakati wa uchungu au baada ya kujifungua. Nikamuuliza, ukiwa mmoja wa hao 12 utajisikiaje kubebwa katikati ya uchungu?

Alienda kufikiria wiki mbili akarudi na jibu ambalo nililiandika kwenye faili neno kwa neno. "Nataka mlango wa thieta uwe karibu, ila sitaki kuuona." Tukachagua chumba cha wakunga ambacho kipo jengo moja na leba ya madaktari.

Sasa mpango wa kujifungua. Alikuja nao wiki ya 30, kurasa mbili, kila mstari unaanza na sitaki. Sitaki kulala chali, sitaki dripu ya kuongeza uchungu, sitaki kukatwa, sitaki watu wengi. Nilielewa unatoka wapi, lakini nimeona mipango ya namna hiyo ikimuumiza mwenye nayo, kwasababu neno "sitaki" halisemi chochote kuhusu ile dakika ambapo mambo yanabadilika, na dakika hiyo ndo mama huwa anapoteza sauti kabisa maana karatasi yake imeishia pale. Mtu akivuka mstari mmoja mpango wote unakuwa kama umechanwa. Tukakaa nayo mikutano mitatu, kila "sitaki" tukaigeuza kuwa "kama". Ule wa kukatwa ukawa hivi: kama kichwa kipo mlangoni na mapigo ya mtoto yanashuka na hayapandi, niambieni kwa sauti, nipeni ganzi, nisubiri niseme ndiyo, ndo mkate. Uchungu ukipoa usipoongezeka, kwanza nitembee, nioge maji ya moto, nibadilishe mkao, halafu ndo tuongelee dripu.

Aliyokuwa anaomba mengi wala sio upendeleo. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya 2018 kuhusu huduma wakati wa uchungu yanasema mama awe na msindikizaji anayemtaka, atembee, achague mkao hata wakati wa kusukuma, anywe na ale kama hana hatari, asinyolewe wala kupigwa enema (maji ya kusafisha tumbo kupitia haja kubwa) kama utaratibu wa kila mtu, na kuongezewa njia kusiwe jambo la kawaida kawaida. Nilimwonyesha, akasoma, akaniuliza mbona haya yapo na mimi nilifanyiwa vile, sikuwa na jibu.

Mstari uliokuwa wa kwanza kwenye karatasi yake ulikuwa huu: kabla ya kunipima njia, ngoja uchungu upite, niulize, usubiri nijibu, na nikisema toa utoe. Nikamwambia huu tutauheshimu bila shaka yoyote. Nilikuwa najiamini mno.

Siku ikafika, wiki ya 39 na siku nne. Alikuja saa tatu usiku na dada yake mkubwa, ambaye alikuwa amehudhuria mikutano miwili kati ya ile mitatu na mpango anaujua kuliko hata mimi. Nikaomba kumpima, akakubali, njia imefunguka sentimita 4 kati ya 10. Mapigo ya mtoto 138, chupa ya maji haijapasuka. Anatembea, anaegemea ukuta, dada anamkandamiza kiuno kwa viganja vyote viwili kila uchungu ukija. Saa saba usiku sentimita 5. Saa kumi na moja alfajiri sentimita 6.

Hapa nisimame kidogo kwasababu wengi wangekuwa wameshaweka dripu. Sentimita moja ndani ya masaa manne, kwa sheria tuliyofundishwa, huyu amechelewa. Ile sheria ya sentimita moja kwa saa ina mizizi kwenye michoro ya daktari Friedman wa Marekani miaka ya 1950, halafu 1972 madaktari Philpott na Castle huko Rhodesia (Zimbabwe ya sasa) wakatengeneza chati yenye mstari wa tahadhari na mstari wa kuchukua hatua, chati ambayo imeokoa watu wengi sana kwenye vituo ambavyo dokta yuko mbali, siibezi hata kidogo. Lakini 2018 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba sentimita moja kwa saa ni kasi isiyowezekana kwa baadhi ya wanawake na isitumike peke yake kuingilia, na kwamba uchungu wenyewe wa kazi uhesabiwe kuanzia sentimita 5. Yaani masaa yake manne ya mwanzo yalikuwa hata hayajaingia kwenye hesabu. Mwaka 2020 ikatoka chati mpya ya kufuatilia uchungu na ule mstari wa tahadhari haumo, na kwenye hiyo chati kuna sehemu ya kujaza kama mama ana msindikizaji na kama amekunywa kitu, vitu ambavyo zamani havikuwa na kiboksi.

Kwahiyo uchungu ulipopita nikachuchumaa mbele yake nikamwambia umeongezeka moja, mtoto yupo vizuri, wewe presha nzuri, tunaweza kusubiri, tunaweza kupasua chupa, au uingie kwenye maji ya moto kwanza. Ukaja uchungu mwingine. Nikanyamaza. Ulipopita akasema maji. Hiki ni kitu kidogo mno lakini wakunga wenzangu nawaomba mkifanye, uchungu ukimshika usimuulize mtu kitu, ile ndiyo anayoitoa pale sio ndiyo, ni mtu anataka uondoke.

Saa moja asubuhi zamu ikabadilika. Mwenzangu, yule wa pili kwenye timu yetu, alikuwa mgonjwa siku hiyo, kwahiyo aliyeingia ni mkunga mwingine ambaye mama hajawahi kumuona. Nikamkabidhi kama tunavyokabidhiana siku zote, uzazi wa pili, wiki 39 na nne, sita saa kumi na moja, mapigo 140, chupa nzima, presha hii, mkojo umetoka. Nikakaa mezani kumalizia faili.

Nikasikia sauti ya dada yake. Hakupiga kelele, alisema tu kwa sauti nzito, "Hajasema ndiyo."

Nilipoinuka mwenzangu huyu aliyeingia zamu alikuwa na glavu, mkono upo tayari, mama yuko ubavu na uchungu umemshika katikati, na mwenzangu anasema tulia mama nakupima tu mara moja. Na mama alikuwa ametulia. Hilo ndo linaloniuma. Mtu ambaye usiku kucha alikuwa ananguruma, anatingisha kiuno, anatutania, alikuwa kimya kama kaondoka, macho yameganda kwenye dari, vidole vya miguu vimekunjwa. Kwa macho ya mtu asiyemjua ni mgonjwa anayetoa ushirikiano.

Mkono ulitoka pale pale. Nusu saa iliyofuata uchungu uliokuwa unakuja mara tatu ndani ya dakika kumi ukashuka kuwa mara mbili, hafifu. Sishangai, hofu inamwaga adrenalini na inaweza kabisa kuurudisha uchungu nyuma.

Nimemfikiria sana mwenzangu yule na nasema kwa moyo mmoja sio mtu mbaya. Alikuja kazini kakuta vyumba vitatu, alitaka ajue anaanzia wapi. Hata hivyo kipimo kilichofuata kilikuwa ni saa tatu, masaa manne baada ya kile cha mwisho, kwahiyo hakikuwa na haraka. Lakini kosa lilianzia kwangu. Nilimpa namba zote na sikumpa ile sentensi moja. Mpango ulikuwa ndani ya faili, ukurasa wa nyuma, na faili nilikuwa nalo mimi mezani! Miezi sita ya mazungumzo na yule mama ilikaa kichwani kwangu na kichwa changu kilikuwa kinajiandaa kwenda nyumbani. Ukiniuliza kisa hiki kilivunjikia wapi, kilivunjikia pale kwenye kukabidhiana, kwasababu utaratibu wetu unabeba sentimita na presha, haubebi alichokisema mtu.

Tulichofanya baada ya hapo naona ndo kiliuokoa ule uzazi. Tukaingia wote wawili, tukakaa chini sakafuni ili macho yake yawe juu yetu. Nikasema tumekosea, hukuulizwa na ulikuwa na haki ya kuulizwa, mimi sikumwambia. Mwenzangu akasema jina lake, akasema samahani mama, bila kuongeza kwamba alikuwa na haraka au alikuwa hajui. Hiyo samahani isiyo na maelezo ni ngumu kuliko watu wanavyofikiri. Halafu nikamwambia achague, mwenzangu aondoke tutafute mwingine au abaki.

Akakaa kimya uchungu mzima. Kisha akasema, "Akae, ila mikono niione."

Mwenzangu akasogeza kiti mpaka karibu na dirisha, akakaa, akaweka mikono yote miwili juu ya magoti, viganja juu. Akakaa hivyo zaidi ya saa nzima. Kila alipotaka kusikiliza mapigo ya mtoto alikuwa anakionyesha kwanza kile kifaa, anasubiri, akiitikiwa kwa kichwa ndo anasogea. Mimi sikuondoka. Saa mbili na nusu mama akaanza kunguruma tena. Saa tatu akasema mwenyewe nipimeni, na akamwangalia mwenzangu, yaani alimchagua yeye. Sentimita 9.

Akasukuma akiwa amepiga magoti, kifua kimelala ukingoni mwa kitanda, dada mbele yake wameshikana mikono. Chupa ikapasuka yenyewe na maji yalikuwa ya kijani, mtoto ameshajisaidia tumboni. Kwenye mapigo, kila baada ya uchungu yakawa yanashuka, 100, halafu 90, na kupanda kunachelewa. Kwa utaratibu wetu maji ya kijani yanakuhamishia leba ya madaktari, lakini kichwa kilikuwa kinaonekana tayari, kwahiyo dokta ndo akaja kwetu, na mwenzangu alimkuta mlangoni akamwambia kwanza ule mstari wa kwanza wa karatasi. Dokta akaingia, akataja jina, akasimama pembeni.

Uchungu ulipopita nikamwambia, mtoto anachoka, namtaka atoke mapema, lala ubavu wa kushoto tujaribu michungu miwili. Akageuka. Ya kwanza, 90. Ya pili, 80 na haipandi.

Akaniuliza yeye, "Tumefika kwenye ile 'kama'?"

Nikasema tumefika. Akasema kata, ila uniambie unapoanza. Nikachoma ganzi, nikasema naanza, nikakata, uchungu mmoja mtoto akatoka, msichana, analia. Kwa kuwa alikuwa analia vizuri hatukumnyonya kitu kooni, akawekwa kifuani, kitovu tukakisubiri zaidi ya dakika moja kabla ya kukibana. Sindano ya oksitosini, ya kuzuia damu isitoke nyingi, alishaikubali toka wiki ya 34, akachomwa, kondo likatoka, damu ilikuwa ya kawaida. Nilipomshona nilikuwa namwambia kila nyuzi, na kati kati akaniambia sista acha kusema, sasa nakuamini, nataka nimwangalie mtoto.

Ukiuchambua huu uzazi kwa vitu alivyotaka, kakosa vingi. Alikatwa, pale pale alipokatwa mara ya kwanza, kovu juu ya kovu. Maji ya kijani, dokta chumbani, hakumalizia kwa mkao alioutaka, na kuna mtu alimgusa bila idhini. Kwa kadi zilivyo, uzazi wa kwanza ulikuwa laini kuliko huu. Nilipomtembelea wiki ya sita nikamuuliza vipi kile kipimo cha saratani, akasema nimeshachukua tarehe. Nikamuuliza kuhusu mwenzangu, nikidhani atasema ile asubuhi imemharibia. Akasema anayoikumbuka zaidi ni ile mikono juu ya magoti.

Kuna jambo sitaki wasomaji walipite haraka. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotoka 2016, majaribio 15 yenye akina mama zaidi ya 17,000, yalionyesha mama akifuatwa na wakunga wale wale toka mimba mpaka baada ya kujifungua, anaingiliwa kidogo na anaridhika zaidi, na watoto wanaozaliwa kabla ya wakati wanapungua. Mengine ya 2017 kuhusu msindikizaji anayekaa muda wote, majaribio 26, yalikuta uchungu unakuwa mfupi na oparesheni zinapungua. Kwenye kisa hiki vyote viwili vilifanya kazi, ila angalia vilivyofanya kazi. Mimi ninayemjua nilikuwa mezani naandika. Aliyemlinda ni dada yake kwa maneno mawili, na aliyaweza kwasababu tulimkaribisha kwenye mikutano, tulimpa mpango ausome, alijua anachotakiwa kukisema. Msindikizaji anayeitwa tu siku ya uchungu akaambiwa kaa hapo mshike mkono, asingethubutu kumsemesha mkunga mwenye glavu.

Kukabidhiana tumebadilisha. Sasa tunakabidhiana chumbani, mbele ya mama mwenyewe, na kabla ya sentimita yoyote tunamuuliza kuna nini unataka huyu anayeingia akijue, anajibu yeye au msindikizaji wake. Inaongeza dakika tatu nne hivi. Wenzetu wengine wanalalamika na nawaelewa, vyumba ni vingi na sisi ni wachache.

Na hapo ndo penye tatizo ambalo sijalimaliza. Ile wiki ya sita, wakati nafunga mkoba niondoke, mama aliniuliza zamu yangu siku ile ilikuwa inaisha saa ngapi. Nikamwambia saa moja asubuhi. Akahesabu, mtoto alizaliwa saa nne kasoro. Akauliza, "Kwahiyo ulitakiwa uwe umeshaondoka?"

Nikamwambia ndiyo, nilitakiwa niwe nimeshaondoka.